Mpira Haujafika, Miguu Imeshaondoka

Jezi za futiboli ya Kimarekani zilifika Busia kabla ya mchezo wenyewe, na mpaka leo mchezo haujazifikia. Pita kwenye mitumba, upande wa Kenya au wa Uganda, utazikuta zimetundikwa: pana mabegani, namba kubwa kifuani, na mgongoni jina la mtu ambaye muuzaji hajawahi kumsikia. Mteja akiuliza ni za nini ataambiwa ni za raga, na bei haitapungua kwa sababu ya jibu hilo. Wamarekani nao wamechangia mkanganyiko. Kabla ya fainali yao ya Super Bowl huchapishwa fulana za ubingwa za timu zote mbili, ili mshindi azivae papo hapo. Zile za aliyeshindwa haziuzwi, na kwa miaka mingi shirika la World Vision lilikuwa likizigawa katika nchi za mbali. Ndiyo maana kuna vijiji duniani ambako New England Patriots walimaliza msimu wa 2007 bila kushindwa hata mechi moja, ingawa fainali ilichezwa Februari 2008 na wakalala 17–14. Mzee aliyevaa habari hiyo anachunga mbuzi wake kwa amani, wala hajapata mtu wa kumbishia.

Mimi namtaka kijana wa kuingia ndani ya jezi hiyo, hasa yule mpokeaji wa pembeni. Huyu husimama karibu na mstari wa kando, mchezo ukianza anachomoka, anakata kona, anageuka na kudaka mpira uliorushwa mbele. Kurusha mbele ndiko kunakoutenga mchezo huu na raga, ambako pasi hutolewa nyuma. Wamarekani waliihalalisha pasi ya mbele mwaka 1906, na tangu hapo wakahitaji mtu wa kuipokea. Katika shule zao za sekondari nafasi hiyo hugombaniwa na kila kijana mwenye miguu myepesi. Huku kwetu, kuanzia Busitema hadi Tororo na kuvuka hadi Busia ya Kenya, kijana huyohuyo utamkuta winga kwenye raga, au kwenye mpira wa mikono, au kwenye kikapu, na dada yake yuko kwenye netiboli. Michezo ni mbalimbali, aibu ni moja: mpira umekuja vizuri, mikono ipo, shule nzima inatazama, na mpira unaanguka. Sijui shule ya eneo hili isiyo na mtu wa namna hiyo, na jina lake la utani hudumu kuliko cheti chake.

Ukiuliza dawa utapewa jibu lilelile kwenye pande zote mbili za mpaka: aongeze mbio. Mwalimu wa michezo atamzungusha uwanja, wenzake watamshauri ale mayai, mjomba atamnunulia viatu. Mimi nasema mbio hazina kosa na si dawa. Mpokeaji huangusha mpira kwa sababu ameanza kazi ya pili kabla hajamaliza ya kwanza. Macho yameshauacha mpira yakaenda kutafuta pa kukimbilia, miguu imeyafuata macho, na mikono imebaki nyuma kupokea mgeni ambaye wenye nyumba wameshatoka. Anayetaka kuimarika na ajifunze kuchelewa. Sehemu ndogo ya sekunde inatosha.

Ushahidi wa kwanza hauhitaji hata uwanja. Simama stendi wakati basi linaondoka. Abiria amenunua mahindi ya kuchoma dirishani, ametoa noti, anadai chenji. Mchuuzi anakimbia sambamba na basi, na urushaji wake, tuseme ukweli, ni wa kiwango cha kimataifa: sarafu zimeviringishwa ndani ya noti, zinapaa kwa upinde mzuri, zinafika usawa wa kifua. Zinaanguka. Abiria atamlaumu dereva, atailaumu barabara, atailaumu hata serikali, lakini anayemtazama ameona kila kitu. Chenji ilipokuwa hewani yeye alikuwa amegeuza shingo kuangalia kama kiti chake kimekaliwa. Nenda kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018 ili maafisa wa nchi mbili wakae chini ya paa moja na msafiri asipange foleni mara mbili. Muda uliookolewa pale watu wameamua kuukimbiza. Msafiri anakabidhi kitambulisho, anajibu maswali kwa adabu, kisha anachanja mbuga kuelekea bodaboda huku kitambulisho kikibaki dirishani na afisa akikipunga hewani. Yuko pia yule anayekula rolex akivuka barabara. Ile chapati iliyokunjwa na mayai ndani imetengenezwa kwa ustadi ili isivuje, lakini fundi wake hakutarajia kwamba mlaji ataitia mdomoni huku macho yakitafuta mwanya kati ya malori mawili. Nyanya inaishia kwenye shati. Na trei ya mayai! Trei moja ina mayai 30, na msiba wake hutokea mahali palepale: mama anainyoosha trei, abiria wa bodaboda ananyoosha mikono, mwendesha pikipiki anasikia neno "haya" na kuondoka. Neno lenyewe lilikuwa halijaisha.

Katika visa vyote hivyo hakuna mkono mgonjwa. Abiria yule anaweza kupokea chenji akiwa amekaa kitako dukani, na mla rolex hachafuki akiwa kwenye benchi. Kinachowaangusha ni hatua inayofuata, ambayo imeingia kabla ya zamu yake. Mji wa mpakani una sababu za kuishi hivyo. Muuzaji lazima amwone mteja wa pili kabla wa kwanza hajageuka. Mbadilisha fedha huhesabu shilingi za Uganda huku akijadili bei ya shilingi za Kenya, na hakosei. Haraka hiyo imesomesha watoto wengi, nami siidharau. Ila mtoto aliyelelewa ndani yake akipelekwa uwanjani huenda nayo, na mpira, tofauti na mteja, haukubali kusubirishwa kwa maneno mazuri.

Ukitaka kuona kazi hii ya kupokea ikifanywa vizuri katika eneo hili, nenda kwenye barabara kuu inayopita msitu wa Busitema. Kando ya lami hukaa nyani, wakisubiri madereva wa malori watupe ndizi. Tabia hiyo si njema kwa nyani, kwa madereva wala kwa msitu, na siitetei. Lakini mtazame nyani akiwa kazini. Ndizi inatoka dirishani, naye anaitazama kuanzia mkono wa dereva mpaka kiganjani mwake. Hageuki kuangalia kama dume kubwa linakuja, ingawa linakuja. Hapungi mkono kwa wenzake. Anaishika, anaibana kifuani, ndipo anakimbia, na hapo hata winga wa shule ya bweni hamfikii. Nyani huyu hajawahi kuzungushwa uwanja na mwalimu yeyote. Mtu atasema nyani ana njaa, ndiyo maana yuko makini. Nami nasema mchezaji wa sekondari aliyekunywa uji saa kumi na mbili asubuhi ana njaa hiyohiyo, na bado anaangusha.

Mwanafunzi wa fizikia, ambaye hakosekani, atanipinga kwa hesabu. Ubongo wa binadamu, atasema, huhitaji karibu sehemu ya tano ya sekunde kuitikia kilichoonwa na macho. Mpira unaokwenda mita 20 kwa sekunde hukata mita 4 katika muda huo. Kwa hiyo mita 4 za mwisho kuutazama hakusaidii. Uamuzi umeshapita, na mwenye akili anaweza kutumia muda huo kutazama anapokwenda. Ni hoja safi, na kwa karatasi ningempa alama zote. Kwa uwanja nampa nusu. Kwanza, hakuna mchezaji anayeyaondoa macho kwenye mita 4 kamili. Anayeruhusiwa kuyaondoa kwenye mita 4 atayaondoa kwenye 10, kwani haraka haina rula. Pili, macho hayaondoki peke yake. Yanaondoka na kichwa, kichwa kinavuta bega, bega linavuta mkono, na viganja vilivyokuwa vimepangwa vizuri vinajikuta sentimita kadhaa kando ya mahali mpira ulipoahidiwa. Mtafiti Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, amefuatilia kwa miaka mingi macho ya wanamichezo, kuanzia mpira wa kikapu hadi gofu, na alichokikuta kwa mahodari ni kwamba hutuliza macho mapema na kuyaacha yametulia kwa muda mrefu kuliko wenzao wa kawaida. Utulivu wa macho hufanya kazi hata pale ambapo kuona kwenyewe kumeshamaliza kazi.

Sasa niwajibu watu wa mbio, maana ndio wengi na wana shahidi mkubwa. Bob Hayes alishinda dhahabu ya mita 100 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, kisha akaenda kuwa mpokeaji wa Dallas Cowboys na kuwasumbua walinzi mpaka akaingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo mwaka 2009. Basi, watasema, mbio zinatosha. Zingetosha kama hadithi ingeishia Tokyo. Olimpiki iliyofuata, Mexico 1968, dhahabu hiyohiyo ilichukuliwa na Jim Hines kwa sekunde 9.95, rekodi ya dunia iliyokaa mpaka mwaka 1983. Timu ya Miami Dolphins ikamwajiri awe mpokeaji. Hakuna mlinzi aliyeweza kumkimbiza, na haikuhitajika: katika msimu wa 1969 alidaka pasi mbili tu, na jina la utani alilobandikwa lilikuwa "Oops". Tofauti ya wanaume hawa wawili haikuwa miguuni. Hayes alikuwa mchezaji wa futiboli tangu chuoni, aliyejaliwa pia mbio. Hines alikuwa mbio tupu zilizokabidhiwa mpira.

Kisha mweke kando yao Jerry Rice, ambaye kwa wengi ndiye mpokeaji bora kupata kuonekana. Mwaka 1985, timu zilipochagua vijana wa kuajiri, majina 15 yalitajwa kabla ya lake, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba saa za majaribio hazikumwonyesha kuwa mwepesi sana. Alistaafu akiwa amedaka pasi 1,549, zilizompatia jumla ya yadi 22,895. Igeuze hesabu hiyo iwe ya kwetu: ni kilomita 21 kasoro kidogo, pungufu ya nusu marathoni. Mkimbiaji hodari wa Eldoret huumaliza umbali huo kwa saa moja hivi, akaoga, akanywa chai. Rice alihitaji misimu 20. Kama ni mbio, basi mchezo huu ungekuwa wa Wakalenjin na mabishano yangekwisha.

Alichokuwa nacho Rice alikipata kwenye matofali. Baba yake alikuwa fundi mwashi huko Mississippi, na kijana alikwenda naye kazini wakati wa likizo. Ndugu zake walimrushia matofali naye akayadaka, na mwenyewe amesema huko ndiko mikono yake ilikofundishwa. Habari hii ingepaswa kuleta fahari kubwa Tororo, mji wenye mwamba, kiwanda cha saruji na vijana wengi kwenye majengo kuliko viwanjani. Pita kwenye jengo lolote linalopanda ghorofa: mmoja chini anarusha, mmoja juu ya jukwaa la miti anadaka, anaweka, anageuka kudaka tena. Tofali lina sifa ambayo mpira hauna, nayo ni kwamba humwadhibu mtu papo hapo. Anayeyaondoa macho mapema hatapewa jina la utani. Atapewa lifti kwenda zahanati. Ndiyo maana vijana wale hawaangushi. Hakuna aliyewaambia watulize macho, tofali limewaambia. Sishauri shule ziwarushie wanafunzi matofali, na mkuu wa shule atakayefanya hivyo asiseme alisoma hapa. Nasema tu kwamba ustadi tunaoagiza kutoka nje kwa jina la kipaji upo kwenye ujenzi, unalipwa kwa siku, na jioni unarudi nyumbani na vumbi.

Kipaji, basi. Kuna watu wa viganja vikubwa na kuna wenye vidole vya kushonea, na Mungu hakugawa sawa. Lakini kiganja kikubwa kinachofungwa mapema hukosa mpira kwa upana zaidi. Wengine watataja glavu na gundi. Fred Biletnikoff wa Oakland Raiders, mtu asiye na mbio za kutisha, alijipaka gundi mikononi na miguuni, akatangazwa mchezaji bora wa Super Bowl ya Januari 1977. Gundi ikapigwa marufuku mwaka 1981. Hata yeye alilazimika kuutazama mpira mpaka ufike kwenye gundi.

Pingamizi linalopendwa na vijana ni la mkono mmoja. Wameona kwenye simu video ya Odell Beckham Jr. wa New York Giants, Novemba 2014, akielea hewani mgongo ukiangalia nyasi na kudaka kwa vidole vitatu pasi ambayo mtu mwingine angeipungia kwaheri. Jumatatu iliyofuata kila mtu alitaka kudaka vile, na nadhani hata Busitema kuna aliyejaribu kwa embe. Naikubali ile kuwa kazi ya ajabu. Naomba tu yaongezwe mambo mawili ambayo video huyakata. Beckham alikuwa amezoea kudaka vile mazoezini kabla ya mechi, kwa hiyo haikuwa bahati. Na Giants walipoteza mchezo ule, 31 kwa 28. Tena ukiirudisha video polepole utamwona macho yake yako wapi. Yako kwenye mpira, na hayatoki mpaka anapogusa chini. Wanaomwiga huiga mkono na kuyasahau macho, jambo la kueleweka, kwa kuwa mkono ndio ulioshangiliwa.

Kushangilia ndiko hasa kunakothibitisha hoja yangu, kwa sababu ni kazi ya pili katika umbo lake kamili. DeSean Jackson, mpokeaji mwenye mbio za kweli, Septemba 2008 alidaka pasi ndefu dhidi ya Dallas Cowboys, akawaacha wote nyuma, na akiwa hatua moja kabla ya mstari wa mwisho akauachia mpira kwa madaha aanze kucheza ngoma. Mpira ulibaki nje ya mstari. Lililo zuri zaidi kwa mada yetu ni kwamba alikuwa na historia: mapema mwaka 2005, akiwa bado wa sekondari, katika mechi ya vijana nyota alipiga sarakasi ili aingie eneo la mwisho kwa mbwembwe, akatua yadi moja kabla. Miaka mitatu ya chuo haikuiponya haraka ile, na sina hakika kwamba kuna aliyejaribu, maana mtu mwenye mbio kiasi kile husamehewa. Waingereza nao wasicheke. Oktoba 2018, katika raga, Freddie Burns wa Bath alikuwa ameshavuka mstari wa Toulouse akiwa peke yake, anachotakiwa ni kuuweka mpira chini. Akaanza kufurahi kwanza. Mchezaji wa Toulouse akaja kwa nyuma, akaupiga ukamtoka mkononi, na Bath wakapoteza 22 kwa 20. Hata aliye juu ya ushindi huweza kuuangusha kwa kuusherehekea.

Linabaki pingamizi zito, ambalo wanaolitoa huwa wamewahi kugongwa. Wanasema mpokeaji hayaondoi macho kwa tamaa. Huyaondoa kwa hofu. Amesikia nyayo. Kuna mtu wa kilo 90 anakuja kutoka upande asiouona, na mwenye busara hutaka kujua msiba unatokea wapi. Hili siwezi kulicheka, hasa kwa kuwa kugonga ndiko ambako Afrika Mashariki imepata sifa katika mchezo huu. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliingia New York Giants mwaka 2006 na akapata mikufu, au tuseme pete, mbili za ubingwa kwa kazi ya kuwaangusha warushaji. Daniel Adongo, Mkenya wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, naye akapangwa upande wa wagongaji. Inaelekea tukipeleka watu kule tunapeleka nyayo, hatupeleki masikio yanayozisikia. Jibu langu kwa aliyeogopa ni la kibiashara. Mgongaji ameshalipa nauli, yuko njiani, na atafika ukimtazama usimtazame. Ukimtazama utagongwa bila mpira. Usipomtazama utagongwa ukiwa nao, na angalau maumivu yataandikwa kwenye kitabu cha matokeo. Isitoshe, mwili uliotulia juu ya mpira, viwiko ndani na mpira umebanwa kwenye mbavu, huanguka salama kuliko mwili uliogeuka nusu kuangalia nyuma, ambao hugongwa ubavu ukiwa wazi.

Haraka hii huanza hata kabla mpira haujarushwa, na hapa mpakani ndipo penye shida yetu maalumu. Mpokeaji hupewa njia ya kukimbia: yadi 10 moja kwa moja, yaani mita 9 hivi, kisha kona kuelekea ndani. Mrushaji huachia mpira mwenzake akiwa bado hajageuka, akiamini atamkuta pale. Kijana mwenye haraka hukata kona kwenye mita 6, kwa kuwa ameona mwanya, na mpira huenda kuanguka mahali alipopaswa kuwa. Ukimkaripia atajitetea kwamba njia yake ilikuwa bora. Na huenda ilikuwa bora! Huyu amekulia penye njia za panya, ambako njia nzuri ni ile ambayo hakuna afisa anayeijua. Uwanjani panatakiwa njia ambayo afisa haijui lakini mtu mmoja, mrushaji, anaijua kwa hatua. Mfanyabiashara wa magendo anayebadilisha kichochoro katikati ya safari bila kumwambia anayempokea mzigo huupoteza mzigo, na sijasikia akijisifu.

Nimeulizwa pia, na swali ni la haki, faida ya haya yote iko wapi mahali ambapo futiboli ya Kimarekani haifundishwi shuleni, uwanja unagawanywa na ng'ombe, na mpira wenyewe ulio na ncha mbili huuzwa mbali. Ningeweza kujibu kwa Olimpiki: futiboli ya bendera, ile isiyo na kugongana, ya watu watano kila upande, itachezwa Los Angeles mwaka 2028, na ligi yenyewe ya Wamarekani, NFL, ilikuja Nairobi mwaka 2023 kusaka vipaji. Lakini sitaki kumpeleka mtoto wa watu Los Angeles kabla hajadaka mpira Busitema. Nitakuwa nimeanza na kazi ya pili. Faida iko kwenye raga aliyo nayo Jumamosi hii. Collins Injera aliifungia Kenya trai 279 katika mashindano ya dunia ya raga ya wachezaji saba, na siku Kenya ilipoichapa Fiji 30 kwa 7 huko Singapore, Aprili 2016, ushindi ule ulitengenezwa na pasi ambazo hazikuanguka.

Zoezi la kujifunza kuchelewa huko ni rahisi mno, na nadhani ndiyo maana halipendwi. Chukua mipira yoyote iliyopo, ya tenisi, ya raga iliyochujuka, hata ile ya makaratasi yaliyofungwa kwa kamba. Andika namba kubwa kwenye kila mmoja kwa kalamu ya wino mzito. Anayerusha asiseme ametoa upi. Anayedaka lazima aitaje namba kwa sauti wakati mpira unaingia viganjani, kisha aubane kwenye mbavu, kisha, sasa ndiyo, akimbie hatua tano. Mpira ukija juu ya kifua vidole gumba vikutane. Ukija chini ya kiuno vidole vya mwisho ndivyo vikutane. Uwanja utajaa kelele za "saba!" na "tatu!", mwalimu wa hisabati atafikiri mbinu zake zimeanza kuzaa matunda, na asiambiwe vinginevyo. Atakayedaka bila kutaja namba ahesabiwe ameangusha, hata kama mpira uko mkononi. Atalalamika sana, naye huyo ndiye mwenye mbio kuliko wote. Atakayetaja namba sawasawa na mpira ukaanguka asiadhibiwe, arushiwe tena papo hapo, kwani huyo amebakiza vidole tu.